Gari la Athumani

Likombe, Mtwara
11 Machi 1968

Dada Mwaisha,

Shikamoo dada. Mimi ni mzima, ila kikohozi cha vumbi la ghalani hakijaniacha, na chumba changu kinavuja upande wa kitandani, kwa hiyo nimesogeza kitanda mpaka mlangoni na sasa ninaingia kwa kukipanda. Mpe mama shikamoo yangu. Dawa ya miguu yake nimempa dereva Rashidi pamoja na barua hii. Ipashwe moto kidogo kabla ya kupakwa, lakini asiipashe mwenyewe, usije ukamkuta jikoni anajiburuta.

Huku tumepata msiba. Mzee Nassoro, baba yake Bwana Shaibu, amefariki dunia, akazikwa Mikindani wiki iliyopita. Mimi nilifika makaburini tu, nyumbani sikuwahi, maana Bwana Shaibu alitaka nimalize kupokea magunia kwanza. Najua mzee alikuwa mwema kwako ulipokuwa mkwe wake. Mungu amrehemu.

Sasa nije kwenye lile la viatu vya mwanao Athumani. Nilivipeleka, dada, pamoja na gauni la Fauzia, kama ulivyoagiza. Bwana Shaibu alivipokea mwenyewe barazani, akasema, "Ahsante, karani," akaviweka kwapani. Ijumaa nikapita tena. Viatu vya Athumani vilikuwa miguuni mwa mtoto wa Zainabu, yule mkewe wa sasa. Gauni alilivaa Fauzia mwenyewe, likampendeza sana. Nikamwambia, umependeza. Akajibu, "Mama Zainabu kaninunulia."

Nilinyamaza. Usinilaumu. Unajua kwamba huyo mtalaka wako ndiye mnyapara mkuu wa ghala letu, na neno lake moja kwa meneja linatosha kunirudisha Kilambo nikiwa na sanduku kichwani. Nani atanunua dawa hii?

Ukimaliza kusoma, ichome barua.

Mdogo wako,
Chande


Kilambo
29 Aprili 1968

Mdogo wangu Chande,

Marahaba. Barua yako imechelewa kwa sababu ya mvua. Rashidi alikwama kwenye tope Mahurunga siku nyingi, akawa analala juu ya gari na kula mihogo ya watu. Mama anasema dawa inamsaidia, ila inanuka kama mbuzi. Bado hasimami. Mpunga wetu wa bondeni umesimama vizuri, kama viboko hawatapanda kutoka mtoni tutavuna.

Barua yako sikuichoma. Nimeisoma mara nyingi mpaka nimeijua.

Karani mzima, umesoma mpaka Kiingereza, unamwogopa mtu ambaye nyumbani kwangu alikuwa anapanda kitandani akiona mende! Haya, nyamaza tu, umezaliwa hivyo. Lakini kosa ni langu pia. Nimekuwa nikituma vitu vya kubebeka. Kiatu kinaingia kwapani, gauni linaingia sandukuni, halafu mtu anakaa barazani na kusema ni vyake. Watoto wangu wamevaa jasho langu wakimshukuru Zainabu.

Safari hii nitatuma kitu ambacho hakuna kwapa litakalokiweza.

Uliniandikia zamani kwamba Athumani ataingia jandoni kiangazi hiki. Siku ya kutoka, zawadi ya kwanza ni ya mjomba. Hiyo ni desturi kwetu na kwao Mikindani pia. Mjomba anaiweka mbele ya watu na kutaja imetoka kwa nani, na baba haruhusiwi kuigusa kabla mwari hajaigusa. Sasa mjomba wa Athumani ni nani? Usigeuke nyuma kutazama. Ni wewe.

Nataka vitu viwili. Siku ya kutoka jandoni, uniambie mapema. Na upana wa mlango wa mbele wa nyumba ya Shaibu. Usiulize wa nini.

Dada yako,
Mwaisha


Likombe
20 Mei 1968

Dada,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za mpunga. Hapa tumeanza kuona jua, kikohozi kimepungua, na mwenye nyumba ameahidi kuziba paa, ingawa aliahidi hivyo hivyo mwaka jana.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimefunga dirisha. Dada, kuna jambo sikukwambia, nalo ni hili. Mwaka jana, ulipotaka kuja kuwaona watoto, nami nikakuandikia kwamba usije kwa sababu ya kipindupindu, hakukuwa na kipindupindu. Bwana Shaibu aliniita nyuma ya mizani akaniambia, "Siku dada yako akionekana Mikindani, wewe usije kazini kesho yake." Alisema akitabasamu na mkono wake ukiwa begani kwangu. Mpaka leo akiniwekea mkono begani nakosea hesabu.

Kwa hiyo nakuomba, tuliache hili. Nitumie kaptura nzuri, nitampa mtoto faraghani, nitamwambia imetoka kwako. Polepole watajua.

Lakini kwa kuwa umeniuliza, nimeupima mlango. Nilikwenda kumwamkia Bwana Shaibu Jumapili nikiwa na kamba ya katani mfukoni. Alipoingia ndani kuchukua kahawa nikainyoosha toka mwimo hadi mwimo, nikaikata kwa meno. Hiyo kamba ndiyo iliyofungia chupa ya dawa. Upana wa pale mtu anapopita ni huo.

Fauzia alinikuta nimeshika kamba mdomoni. Akaniuliza jambo moja juu yako. Nitakwambia siku nyingine.

Wari wataingia porini mwisho wa Juni. Kutoka ni Agosti, huenda Jumapili ya tarehe kumi na moja.

Usitume kitu kikubwa, dada. Nakusihi.

Chande


Kilambo
16 Juni 1968

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama mzima wa ulimi, amemgombeza kila mtu wiki hii. Tumeanza kuvuna.

Kwa hiyo kipindupindu kilikuwa na jina, kikiitwa Shaibu. Nilijua. Nilimuuliza Rashidi wakati ule ule, akaniambia watu wa Mikindani wote wazima. Nilikaa kimya kwa sababu ya dawa ya mama na kwa sababu yako. Usidhani nilikaa kimya kwa sababu nimesamehe.

Kamba imefika. Nimempa Constantino. Huyu ni fundi wa Kimakonde aliyevuka mto na mkewe Madalena kwa ajili ya vita vya huko kwao, wamejenga karibu nasi. Anachonga mlango, kitanda, kinu, chochote utakachomwambia. Nilipomweleza ninachotaka alicheka mpaka Madalena akatoka kuangalia kuna nini. Akasema, "Mama Athumani, hiyo si zawadi, hiyo ni vita."

Ni gari. Lori, kama la Rashidi, la mti mtupu. Lina usukani unaogeuka, lina bodi nyuma na viti vya kukaa watoto wanne. Magurudumu ya mninga, yamezungushiwa mpira wa tairi kuukuu. Honi ya kubinya tumeipata kwa mtu wa baiskeli. Ukilisukuma linakwenda. Constantino aliuliza alifanye la kufunguka vipande ili lisafiri vizuri. Nikamkatalia. Kinachofunguka kinafichika.

Rashidi atalileta juu ya magunia ya mpunga. Sasa sikiliza unavyofanya, maana nataka watoto wangu washangae, si wapokee tu.

Nimekutumia kiberiti. Usikifungue. Siku hiyo, ikifika zamu ya mjomba, mpe Athumani hicho kiberiti mbele ya watu wote. Hakuna kitu kingine mkononi mwako. Watakucheka, wacha wacheke. Shaibu atacheka kuliko wote, mwache amalize. Ndani mna ufunguo wa mti. Athumani akiuliza ni wa nini, mwambie apige mbinja, kama nilivyomfundisha alipokuwa mdogo. Rashidi atakuwa nyuma ya ile nyumba ya Waarabu. Akisikia mbinja anakuja na honi.

Limefunikwa majamvi yaliyoshonwa pamoja. Fauzia ndiye avute kamba. Kila mtoto apate lake la kufanya.

Mwaisha


Likombe
7 Julai 1968

Dada,

Shikamoo. Wari wameingia, Athumani hajambo, kungwi wao anasema ni mvumilivu. Paa limezibwa upande mmoja, sasa linavuja upande mwingine.

Silali vizuri. Kiberiti nimekiweka kwenye mto, mchana nakihamishia kwenye kofia. Juzi Bwana Shaibu aliniambia mbele ya wapagazi, "Karani, mwanangu anatoka jandoni, mjomba mtu umeandaa nini, kalamu?" Wakacheka, nami nikacheka. Nikamwambia nitajitahidi. Akaweka mkono begani.

Nimefikiri njia. Gari lishushwe kwangu hapa Likombe, na watoto waje kulichezea siku za mapumziko. Hakuna atakayeaibika, hakuna atakayefukuzwa.

Kuna sababu nyingine ya kutotaka ufanye hivi mbele ya watu, inayohusu wanachoambiwa watoto juu yako. Siwezi kuiandika. Nimejaribu mara nyingi nikachana karatasi. Niamini tu.

Chande


Kilambo
22 Julai 1968

Chande,

Mama hajambo. Mpunga umeingia ghalani.

Gari limekwisha. Watoto wa hapa wamelipanda mpaka rangi ikaanza kutoka, nimewafukuza. Kwako Likombe halishuki.

Unachoshindwa kuandika, usiandike. Fanya nilivyokwambia.

Mwaisha


Likombe
13 Agosti 1968

Dada Mwaisha,

Shikamoo. Mimi mzima. Mama naye natumaini. Nitaandika yote kwa utaratibu, kwa kuwa mkono umetulia leo, kwa mara ya kwanza tangu Machi.

Jumapili asubuhi wari waliletwa kutoka porini, wamepakwa mafuta, wamefunikwa kanga. Athumani amekuwa mrefu. Walikalishwa mkekani mbele ya baraza ya Bwana Shaibu, maana yeye ndiye aliyetoa mchele mwingi. Watu walijaa mpaka njia ya msikitini. Zainabu alikaa kwenye kiti kama mama wa mwari, amevaa dhahabu.

Wakaita mjomba. Nikaenda, nikatoa kiberiti mfukoni, nikampa mtoto.

Dada, walivyocheka! Mwanamke mmoja akapiga kelele, "Karani, mshahara umeishia kwenye njiti?" Mwingine akasema, "Mwacheni, labda kamletea moto wa kuchomea makosa yake ya hesabu." Bwana Shaibu alishika mbavu. Akasema kwa sauti ili wa mwisho asikie, "Jamani, nilijua ukoo ule ni maskini, lakini sikujua wamefika kwenye kiberiti!" Nilimwacha amalize, kama ulivyoagiza.

Athumani hakucheka. Alifungua, akautoa ufunguo, akaugeuza. "Wa nini, mjomba?" Nikamwambia, piga mbinja, ile ya zamani. Alinitazama sana. Halafu akapiga. Ile ya kupanda na kushuka mwishoni. Sijaisikia tangu uondoke.

Honi ikajibu nyuma ya nyumba ya Waarabu.

Rashidi alikuja taratibu, anabinya honi ile ndogo dirishani kwa mkono mmoja, na juu ya magunia kuna kitu kimevimba chini ya majamvi. Watoto wote wa mtaa walikuwa nyuma yake. Ilibidi wanaume wanane walishushe. Fauzia alipewa kamba, akavuta akaanguka kitako, na majamvi yakamfuata. Dada, hata mimi nilisahau kuogopa. Jekundu, na mbele taa za vifuniko vya makopo zinang'aa! Watoto walipiga kelele kama lori la kweli limewafuata. Athumani alikimbia kama mtoto, si kama mtu aliyetoka jandoni, akaingia, akatia ufunguo, akakamata usukani.

Halafu akaona mlango wa gari. Kumbe mmeandika kama yanavyoandikwa malori yote. Alishuka akasoma kwa sauti, kidole kikifuata: "Mwenye gari, Mwaisha Mfaume, Kilambo, Julai 1968. Abiria, Athumani na Fauzia."

Akasoma tena kimya kimya. Walio mbele wakawapasia walio nyuma jina lako.

Bwana Shaibu aliwahi. Alishuka barazani anacheka, akasema, "Zawadi nzuri sana, nzuri sana, lakini nje litaibwa. Vijana, litieni ndani." Akaanza kusukuma mwenyewe. Likagonga mwimo. Kama kamba yangu ilivyosema, halikupita. Watu wakacheka tena, sasa wakimcheka yeye. Akakasirika. Akaingia ndani, nikasikia anavuta komeo.

Dada, sikujua. Tumezaliwa kwenye nyumba za mlango wa ubao mmoja. Nimekwenda pale miaka yote nikiona upande mmoja tu unafunguka, nikadhani ule mwingine umepigiliwa misumari. Kumbe nao ni mlango. Ukafunguka wote, mpana. Nikajua nimekosea kipimo na kila kitu kimeharibika, gari litaingia, litakatwa kuni.

Lakini wanawake waliacha vigelegele. Bi Halima, yule mzee wa nyumba ya pili, alijifunika kanga kichwani. Nikamsikia anauliza jirani yake, "Nani amekufa?"

Bwana Shaibu alisukuma, gari likaingia nusu. Hapo Fauzia akasema. Alikuwa bado amekaa juu ya majamvi. Hakusema kwa ubishi, aliuliza tu, "Baba, upande huo si wa jeneza? Babu alipokufa ulifunguliwa. Mbona mama alipokufa hukuufungua?"

Hilo ndilo nililoshindwa kukuandikia. Waliambiwa umekufa, dada. Mtoni. Siku ile ya kamba Fauzia aliniuliza kaburi lako liko upande gani wa mto, nami, Mungu anisamehe, nikamwambia nina haraka.

Bwana Shaibu alisimama ameshika bodi ya gari. Alinitafuta kwa macho. Nilijua ananiambia nini. Nikaona ghala, mizani, chupa ya dawa, vyote. Nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mwanamke, lakini ilitoka: "Haukufunguliwa kwa sababu hakufa. Yuko Kilambo, anamuuguza mama yangu. Gari hili amelileta yeye. Na viatu alileta yeye, na lile gauni."

Bi Halima akamwambia Bwana Shaibu, "Shaibu, umemzika mtu bila matanga?" Akaondoka. Mwingine akaondoka. Sahani za pilau zikaachwa mkekani zikiwa hazijaguswa. Vijana waliokuwa wanasukuma wakatoa mikono kwenye gari, mmoja mmoja, wakaifuta kwenye kaptura kama wameshika kitu kibaya. Peke yake hakuweza kulisogeza mbele wala nyuma. Mpaka leo ninapoandika liko pale mlangoni, nusu ndani nusu nje, na mlango haufungiki. Hakuna kijana Mikindani anayekubali kulisukuma. Wamegoma bila mtu kuwaambia. Zainabu anapita mlango wa uani na dhahabu amevua. Athumani amehamia ndani ya gari, anakula humo, baba yake akimwita anapiga honi.

Jana nilikwenda ghalani. Sanduku langu la kalamu lilikuwa nje ya mlango. Basi. Chupa ya dawa iliyofungwa kwenye barua hii ndiyo ya mwisho kwa sasa.

Nimebaki na swali moja la Fauzia, na hili nakuandikia, sitalificha tena. Alinifuata mpaka njiani akanishika koti. "Kama yuko hai, mjomba, mbona kaleta gari, hakuja yeye?"

Chande


Kilambo
18 Agosti 1968

Mdogo wangu Chande,

Marahaba. Mama ameisikia barua yako yote, nimemsomea, na ulipofika pale uliposema mbele ya watu alinitaka nirudie. Kisha akasema huyo ni mwanangu, kana kwamba kuna mtu alibisha. Dawa ikiisha ataendelea kunuka kama binadamu, anasema, usijisumbue. Karani wa ushirika wa mpunga hapa hajui hata kujumlisha. Rudi.

Kipimo hukukosea. Mlango ule nimeufuta vumbi miaka saba. Uliwahi kudhani nimesahau kwamba una mabawa mawili? Kamba yako ilinipa bawa moja, la pili nililijua mwenyewe. Nilimwambia Constantino, lisipite kwenye moja, lipite kwa shida kwenye mawili. Nilijua Shaibu hawezi kuacha jina langu lilale nje. Na nilijua watu wa mtaa ule wakiona ule upande unafunguka watauliza nani amekufa. Kwamba nimekufa, Rashidi aliniambia tangu mwezi wa pili, aliambiwa na watoto wenyewe. Nikangoja uniambie wewe. Ukanificha ili nisiumie, nami nikakuficha ili usikimbie. Nilitaka aulizwe habari zangu mahali pale pale, na watu wale wale. Nilidhani atauliza Bi Halima. Sikujua atakuwa Fauzia, na hilo ndilo linaloniuma. Mengine yote yamenituliza. Ile habari ya pilau kuachwa nimeisoma kila nikila.

Swali lake halijibiwi kwa barua. Sikuja kwa sababu Shaibu alikuwa ameshika kazi yako. Sasa ameiachia, hana kingine cha kunishikia. Madalena atakaa na mama. Ijumaa napanda na Rashidi.

Usimruhusu mtu yeyote kulisogeza lile gari, hata akija kuomba kwa adabu, hata akilia. Acha mlango ukae wazi hivyo hivyo. Nitalitoa mwenyewe, mchana, watu wakiangalia, na abiria wangu wawili wakiwa wamekaa ndani.

Mwaisha